Maswali ya Wasomaji: Mbwa wa Kituoni Anasubiri Nyumba Ipi?

Barua tulizozichagua mwezi huu zimetoka Mbeya, Mafinga, Tukuyu, Idodi na Njombe, na zote zinahusu mbwa waliookotwa mitaani wakatunzwa na watu wenye vituo vidogo hadi apatikane wa kuwachukua. Anayejibu ni mtaalamu wetu wa mifugo, mstaafu aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini.

Nilihojiwa kama ninaomba mkopo

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Uyole na nina duka Mwanjelwa ambako mimi na mume wangu tunashinda kila siku. Baada ya kuibiwa kuku mara mbili tuliamua kutafuta mbwa, tukaenda kwenye kituo kimoja nje kidogo ya jiji. Watoto walimpenda mbwa mmoja kijana, mweusi mwenye kifua cheupe, aliyekuwa akirukaruka kwa furaha. Mwenye kituo alianza kuniuliza nani anabaki nyumbani mchana, ua wetu ni wa michongoma au wa matofali, kitindamimba ana umri gani (ana miaka mitatu), na tukienda kijijini wakati wa Krismasi mbwa ataachwa na nani. Mwisho alisema yule hatufai, tusubiri mwingine, na kwamba atakuja kuona tunapoishi. Mume wangu amekasirika sana. Anasema mbwa koko hana mwenyewe na kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Je, ni haki kuninyima mbwa ambaye yeye mwenyewe anahangaika kumlisha?

JIBU: Marahaba, mama. Hasira ya baba watoto ninaielewa, kwa sababu wengi wetu tumepata mbwa kwa njia nyepesi zaidi: jike la jirani limezaa, unapewa mtoto mmoja ndani ya boksi la sabuni, na hakuna anayekuuliza utamlaza wapi. Mwenye kituo, hata hivyo, amekaa na mbwa yule, ameona anavyokula, anavyocheza na anavyohangaika akiachwa peke yake. Maswali yake yalikuwa ya kulinganisha siku ya mbwa na siku ya nyumba yenu, na barua yako yenyewe inaonyesha kwamba siku hizo mbili hazikutani.

Duka liko Mwanjelwa na nyumba iko Uyole, maana yake ni kwamba kwa saa kumi hivi hakuna mtu mzima nyumbani. Mbwa kijana mwenye nguvu, aliyezoea kuwa na wenzake, akiachwa hivyo kila siku hatakaa kulinda kuku. Atatafuta pa kutokea, na ua wa michongoma una matundu mengi chini kuliko unavyodhani. Akishatoka, Uyole si mahali pa mbwa kuzurura. Hapo ndipo barabara kuu iendayo Tunduma inapoachana na ile iendayo Tukuyu na Kyela, na malori yanayoteremka pale hayana nafasi ya kumkwepa mbwa. Tena, niwe mkweli, mbwa anayerukaruka hivyo na ambaye hajawahi kuishi na kuku huenda angekuwa mwizi wenu wa tatu.

Kuhusu mtoto wa miaka mitatu, mbwa yule hahitaji kuwa mkali ili amdhuru. Anamrukia kwa furaha, mtoto anaanguka; kesho yake mtoto anamshika mkia wakati anakula, mbwa anageuka na kuuma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa hiyo, hata kwa mbwa aliyechanjwa, kila mtu nyumbani kwako ajue jambo hili: jeraha la kuumwa huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, naye mbwa, akiwa bado hai, anafungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na ndiyo maana kusubiri kuona itakuwaje ni kosa kubwa.

Yapo na manufaa ya kusubiri ambayo pengine hamkuambiwa. Mbwa aliyeokotwa anaweza kuonekana mzima huku ugonjwa umo mwilini. Ugonjwa wa parvo, ule wa kutapika na kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, kwa kawaida hujitokeza siku 3 hadi 7 baada ya maambukizi, na virusi vya kichaa vinaweza kujificha kwa wiki kadhaa na hata miezi. Kituo makini humtenga mgeni, humpa dawa ya minyoo, humtoa kupe, humchanja, na kabla ya kumtoa humhasi akiwa dume au humfunga kizazi akiwa jike. Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kituo kinachogawa majike wasiofungwa kizazi kinaokota mbwa kwa mkono mmoja na kuwazalisha kwa mkono mwingine. Mkirudi pale, ombeni kuona kadi ya chanjo yenye tarehe; kama haipo, basi hata maswali yote aliyokuuliza hayamsaidii sana mbwa.

Sasa hayo mambo ya Wazungu. Mweleze mume wako kwamba hata kwao jambo hili lilianza kwa kuchekwa. Mwaka 1860 mwanamke aliyeitwa Mary Tealby alifungua mjini London mahali pa kupokea mbwa waliopotea na wenye njaa, na gazeti la The Times likamdhihaki waziwazi. Kituo hicho kilihamia Battersea mwaka 1871 na kipo mpaka leo. Nasi, katika kijiji nilikokulia, mbwa hodari wa kufukuza ngedere kwenye mahindi hakutolewa kwa kila aliyemwomba. Babu aliuliza kwanza mbwa wa mwombaji aliyetangulia alikufaje.

Lawama yangu kwa mwenye kituo ni moja: alipaswa kukueleza sababu papo hapo, mbele ya watoto, badala ya kukuacha urudi nyumbani ukijihisi umekataliwa. Mpokeeni akija, mwonyesheni banda la kuku na mahali mbwa atakapolala. Nanyi mwombeni jike wa makamo, mtulivu, aliyekwisha kuonekana akipita katikati ya kuku bila kuwajali. Kama kuna bibi au dada wa kazi anayeweza kubaki nyumbani mchana, semeni hivyo mapema, maana jibu hilo moja linaweza kubadilisha uamuzi wote.

Amesubiri zaidi ya mwaka, ana kasoro gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Mafinga, ninaishi na mke wangu, watoto wamekwisha kujitegemea. Katika kituo kimoja Iringa mjini nimeonyeshwa dume mwenye umri wa miaka saba hivi, mdomo umeanza mvi. Amekuwapo hapo zaidi ya mwaka mmoja na hakuna aliyemchukua, wakati watoto wa mbwa wanaondoka ndani ya wiki. Ninamhurumia, lakini ninajiuliza: wote waliompita waliona nini ambacho mimi sikioni?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Waliompita hawakuona kitu, na hilo ndilo tatizo lake. Anayefika kituoni hutazama wanaokuja mbele ya wavu, na mbwa wa umri huo mara nyingi hubaki nyuma amelala, hasa kama ameshaona watu wengi wakija na kuondoka. Wengine hufanya kinyume chake, hubweka bila kukoma kwa sababu banda limejaa kelele, nao huandikwa kuwa wakali. Tabia ya mbwa bandani haisemi mengi kuhusu tabia yake akiwa kwenye baraza yenye watu wawili na redio.

Kwa nyumba kama yako ningemchagua huyo kuliko mtoto wa mbwa, tena bila kusitasita. Mtoto wa mbwa ni fumbo: hujui atakuwa na ukubwa gani, atakuwa mpole au mgomvi, na kwa miezi mingi atatafuna viatu, atakojoa jikoni na atahitaji mtu wa kukimbizana naye. Dume wa miaka saba amekwisha kuwa vile alivyo. Mbwa wengi huishi kati ya miaka 10 na 13, kwa hiyo bado mnaweza kuwa na miaka kadhaa pamoja, na wewe na mama hamtakuwa na mnyama wa kutunza kwa miaka kumi na miwili ijayo, atakayewazidi nguvu wakati ninyi mmezeeka. Wastaafu wenzangu husahau kufanya hesabu hiyo.

Usimchukue siku ya kwanza, lakini. Nenda mara tatu kwa saa tofauti, uombe kutoka naye kwa kamba nje ya kituo, ukae naye mahali patulivu kwa nusu saa bila kumshikashika, uone kama atakuja mwenyewe. Muulize anayemlisha, ambaye mara nyingi si mwenye kituo, anafanyaje akiguswa wakati wa kula, akikutana na mbwa mwingine, au ikipiga radi. Mwombe daktari wa mifugo amtazame meno, moyo na viungo vya miguu ya nyuma, kwa sababu maumivu ya viungo huzidi katika baridi, na Mafinga ya mwezi Juni na Julai unaifahamu kuliko mimi. Atahitaji kulala ndani au kwenye banda lililoinuliwa, si juu ya sakafu ya saruji.

Nanyi watani zangu wa Iringa, ule utani wenu wa mbwa mnaotaniwa na mikoa jirani sitauleta hapa. Mwalimu ameuliza swali la maana.

Nimepanga chumba kimoja

SWALI: Ninaishi Tukuyu, nimepanga chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji sita. Mwenye nyumba hajakataza mbwa wala hajaruhusu. Nichukue mmoja?

JIBU: Usichukue kabla hujapata ruhusa yake, ikiwezekana kwa maandishi, na kabla hujazungumza na wapangaji wenzako, ambao baadhi yao huenda kwa sababu za dini hawatapenda mbwa aguse ndoo zao za maji au akanyage wanapoanua nguo. Wapo mbwa wanaorudishwa vituoni kwa sababu ya mwenye nyumba, hata kama hawajauma mtu. Na kwa mvua za Rungwe, mbwa asiyekuwa na baraza ya kujikinga atalala chumbani kwako, upende usipende.

Nataka watatu, wakubwa na wakali

SWALI: Mimi ni mfugaji wa Idodi. Nina mbuzi na ng'ombe wachache, na fisi wananisumbua usiku. Kijana wangu anayesoma Iringa mjini anasema kuna mbwa wanaotolewa bure. Ninahitaji watatu, wawe wakubwa na wakali. Nifuate utaratibu gani?

JIBU: Shikamoo, mzee. Utaratibu nitakueleza, ila kwa kazi hiyo mbwa wa kituo cha mjini hawafai, na mwenye kituo akikupa watatu kwa mpigo bila kuuliza, mtilie shaka. Mbwa wa kulinda mifugo hulelewa pamoja na mbuzi tangu akiwa na wiki nane hivi, akalala nao na kuwaona kuwa ndugu zake. Mbwa aliyekulia mtaani, akiokota mabaki nyuma ya bucha, atamwona mwanambuzi kwa macho mengine kabisa. Ukali nao haukusaidii: fisi haogopi mbwa watatu waliofungwa minyororo, na mbwa mkali akifunguliwa humuuma mtoto wa jirani kabla hajakutana na fisi. Unachohitaji mapema ni zizi imara lenye wavu wa chuma na mlango unaofungika, kisha mbwa wenye sauti wanaokuamsha usiku.

Kama bado unataka mmoja wa kulala kwenye boma na kubweka, mchukue kijana, mtulivu, aliyehasiwa, umzoeze mbuzi akiwa kwenye kamba kwa wiki nyingi. Chanjo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Idodi iko kwenye njia ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambamo bado wamo mbwa mwitu, wanyama waliobaki wachache duniani na wanaouawa na magonjwa yale yale ya mbwa wetu. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Sindano ambayo bwana mifugo wa kata huja nayo wakati wa kampeni kwa kawaida ni ya kichaa cha mbwa peke yake. Ya distempa na parvo ni nyingine, nayo utaigharamia mwenyewe. Waambie na majirani, kwa sababu kichaa hukosa njia ya kusambaa pale ambapo asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa, na mbwa wako mmoja hafikishi kiwango hicho.

Tulimchukua, sasa amejificha

SWALI: Jumamosi tulimchukua jike wa miaka miwili kutoka kituoni, tukamleta Njombe kwa gari. Leo ni siku ya tatu. Ameingia chini ya banda la kuni na hatoki, anakula usiku tu tukishalala, na jana hakula kabisa. Watoto wamempa jina la Malaika lakini haitiki. Mke wangu anasema arudishwe kwa sababu hajatupenda. Tufanye nini?

JIBU: Msimrudishe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini kwa mbwa wa kituoni jembe lisubiri sana. Wanaohudumia mbwa hawa wana kipimo chao cha kukadiria: siku 3 za kuogopa, wiki 3 za kuanza kuelewa ratiba ya nyumba, na miezi 3 hadi ajione yuko kwake. Kipimo hicho hakimfai kila mbwa kwa usawa, lakini kinatosha kuonyesha kwamba wa kwenu hajachelewa. Ametolewa kwenye kelele alizozizoea, akasafirishwa kwa gari, akashushwa kwenye baridi mbele ya kundi la watoto. Chini ya banda la kuni ndipo mahali pekee alipopata pasipo na macho ya watu.

Mwacheni hapo, ila mpaboreshe. Wekeni mbao au chaga ili asigusane na ardhi, nyasi kavu na gunia juu yake, na kizuizi upande unaotoka upepo. Asubuhi za Njombe zenye sakitu zinamuumiza mbwa mwenye manyoya mafupi hata akiwa na afya. Msimwogeshe kwa sasa. Mpeni chakula kile kile alichokuwa akipewa kituoni, kisha mkichanganye polepole na cha kwenu kwa muda wa wiki moja: ugali laini wenye dagaa au mchuzi wa utumbo unatosha, bila vitunguu. Mifupa iliyopikwa isitupwe karibu naye kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha, wala gunzi la mahindi, wala kokwa la parachichi, ambayo mbwa humeza na kuziba utumbo. Kwa kuwa watu wa huko mnalima viazi, hakikisheni stoo ya dawa za shamba na ya panya imefungwa.

Kukosa hamu ya kula kwa siku moja au mbili ni kawaida kwa mbwa mgeni. Kukataa maji, kutapika, kuhara damu au kulegea si kawaida, na mkiona lolote kati ya hayo mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, msisubiri mwisho wa wiki.

Mtu mmoja, awe mama mwenyewe kama atakubali, ndiye ampelekee chakula kwa saa zile zile kila siku, akae mita chache kutoka hapo akichambua mboga au maharage, asimwite wala asimtazame machoni. Watoto wapite mbali kwa sasa. Msimfunge mnyororo ili kumzoesha; akitolewa uani atolewe kwa kamba mkononi, na geti lifungwe, kwa sababu mbwa wanaopotea hupotea zaidi katika wiki hizi za mwanzo wakati bado hawajajua kurudi. Kuhusu jina, pigeni simu kituoni muulize aliitwaje huko, mmwite hivyo hivyo. Watoto wakitaka abaki Malaika, watamke jina hilo kila sahani inapowekwa chini, kisha waondoke.